Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutazama Mchezo kwenye Ukumbi Mdogo wa Tabora

Kila mchezo mpya ukitangazwa, maswali ni yale yale: kiingilio, viti, watoto, umeme, kama mtu anaruhusiwa kucheka. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Mimi si kiongozi wa kikundi, ni mtazamaji, na mengi ya haya nimeyapata kwa watazamaji wenzangu wa Ng'ambo, Isevya, Kanyenye na Cheyo ambao huwa tunabanana nao benchi moja.

Ni ukumbi wa aina gani?

Lilikuwa ghala la mazao. Kuta za tofali za kuchoma, paa la bati, sakafu ya saruji. Hakuna jukwaa la kupanda. Waigizaji wanacheza pale pale chini na sisi tumewazunguka pande tatu. Watu sitini wakiingia umejaa, na wakizidi vijana hukaa kwenye mikeka mbele.

Kikundi kinajitegemea. Hakina mfadhili wa kudumu, ndiyo maana kinachagua chenyewe cha kucheza. Wengi wetu tumezoea igizo la dakika kumi linalowekwa kati ya risala na hotuba ya mgeni rasmi, lenye ujumbe ulioagizwa na waliolipia. Hapa mchezo unakwenda saa moja na nusu, na hakuna anayekuja mwishoni kukuambia ulitakiwa kujifunza nini.

Kumbi za namna hii zipo nchi nyingi. Mfano unaotajwa sana ni wa Edinburgh, Uskochi. Mwaka 1947 lilipoanzishwa tamasha kubwa la sanaa mjini humo, vikundi 8 ambavyo havikualikwa vilikwenda hivyo hivyo, vikajitafutia kumbi vikacheza. Leo wanaokwenda bila mwaliko ni wengi kuliko waalikwa. Tabora hatuna tamasha kubwa la kukaa pembeni yake. Tuna kumbi za harusi, tuna vibanda umiza vya mpira na filamu, na tuna ghala hili.

Kiingilio ni shilingi ngapi?

Shilingi 5,000. Mwanafunzi aliyevaa sare au mwenye kitambulisho analipa 2,000. Unaweza kulipa mlangoni au kwa simu.

Fedha hiyo inalipa kodi ya ghala, mafuta ya jenereta, nguo za mitumba za kuchezea na nauli za waigizaji. Kinachobaki wanagawana, na mara nyingi kinachobaki ni kidogo sana. Kwa hiyo nawaomba sana wanaofika mlangoni wakisema, “Mimi ni jirani yake yule dada anayecheza mama mkwe.” Dada huyo ameamka alfajiri kukaanga vitumbua, mchana ameuza, jioni amefanya mazoezi. Kama unamfahamu, hiyo ndiyo sababu ya kulipa.

Kwa nini mlango unafungwa mchezo ukianza?

Mlango ni mmoja, na unafungukia mahali pa kuchezea. Anayechelewa anajikuta amesimama katikati ya msiba au posa ya watu. Saa moja jioni ni saa moja kweli, kwa hiyo fika saa kumi na mbili na nusu. Ukichelewa, kaa nje kwa muuza kahawa, utaingia wakati wa mapumziko.

Nikae wapi ili nione vizuri?

Popote utaona. Jiulize tu unataka kuwa karibu kiasi gani. Benchi la mbele liko hatua mbili kutoka kwa waigizaji: unaona jasho, unaona mshipa wa shingo ukisimama, unasikia mtu anavuta pumzi kabla hajasema neno.

Ulichezwa hapa mchezo mmoja wa mgogoro wa mirathi. Mjane amekaa chini na ungo anapepeta karanga, shemeji zake wanne wamesimama wanagawana mali juu ya kichwa chake. Karanga zilikuwa za kweli, na maganda yake yalitua kwenye magauni ya waliokaa mbele. Yule mama hakutamka lolote kwa muda mrefu. Shemeji mkubwa akipandisha sauti, ungo unakwenda mbio. Likitajwa jina la marehemu, ungo unatulia. Wa benchi la nyuma waliupata ungo kwa sikio. Wa mbele waliona zaidi: vidole vyake vilikuwa vikichambua karanga mbovu na kuzipanga sakafuni mbele ya miguu ya shemeji, moja kwa kila mmoja. Zilipotimia nne akasimama, akaanza kusema.

Hilo hulipati kwenye televisheni, kwa sababu kamera ingekuchagulia cha kutazama. Hapa unachagua mwenyewe, na watu wawili waliokaa benchi moja wanaweza kurudi nyumbani na michezo miwili tofauti.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza na una wasiwasi, kaa nyuma, uegemee ukuta. Viti vya plastiki vyenye mgongo ni vya wazee na wajawazito.

Mbona watu wanacheka penye huzuni?

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, hasa kwa wageni kutoka Dar es Salaam na kwa walimu wa fasihi. Mume anampiga mkewe mchezoni, ukumbi unacheka. Mtoto analia njaa, kuna anayecheka. Wageni wanaondoka wakisema watu wa Tabora hawajui kutazama mchezo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Kipo kicheko cha mazoea. Kwa miaka mingi igizo kwetu lilikuwa kichekesho. Kwenye maonyesho ya vikundi vikubwa kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), usiku mmoja ulikuwa na ngoma, kwaya, sarakasi, taarabu na igizo, na igizo lilisubiriwa ili watu wavunjike mbavu. Siku hizi vichekesho viko kwenye simu ya kila mtu. Mwigizaji akiingia tu, mtazamaji ameshajiandaa kucheka. Kipo pia kicheko cha kutambua: “Huyu ni balozi wetu mtupu!” Na kipo cha aibu, cha mtu aliyeona ya nyumbani kwake yameanikwa hadharani. Hicho ni kifupi, na hukatika ghafla.

Waigizaji wa hapa wanajua kukisubiri kicheko kipite. Katika mchezo ule ule wa mirathi, shemeji mdogo aliingia jikoni akatoka na masufuria matatu, moja kalivaa kichwani ili mikono ibebe mengine. Ukumbi mzima ulicheka. Mjane hakumtazama shemeji, alitutazama sisi. Kicheko kilikatika kuanzia benchi la mbele kikarudi nyuma mpaka ukutani. Hakuna aliyetoka kukaripia watu wala kuomba utulivu. Kwa hiyo ukisikia jirani yako anacheka mahali ambapo wewe unalia, mwache kidogo. Huenda bado hajafika ulipofika.

Naruhusiwa kuitikia, au nikae kimya?

Itikia. Tumelelewa na “Paukwa!” “Pakawa!”, na msimulizi asipoitikiwa hunyamaza. Wimbo ukianza, upokee. Baadhi ya michezo ina nyimbo za Kinyamwezi, na wanaozijua huzibeba kwa sauti kuliko waigizaji wenyewe. Kama huzijui piga makofi. Mazungumzo yote ya mchezo ni kwa Kiswahili, hutaachwa nyuma.

Mhusika akiuliza swali, mjibu. Usiku mmoja shemeji mkubwa alileta karatasi na kidau cha wino, mjane atie dole gumba. Mama mmoja mtu mzima akainuka kwenye kiti chake: “Usitie, mwanangu! Isome kwanza!” Mwigizaji angeweza kujifanya hakusikia. Alimgeukia kwa heshima akamwambia, “Sijui kusoma, mama.” Maneno hayo hayakuwemo kwenye mchezo. Yakabaki kuanzia siku ile, na kwangu mimi hakuna maneno bora kuliko hayo katika mchezo mzima.

Kisichotakiwa ni soga za pembeni, na zaidi ya yote kumsimulia jirani mwisho kwa sababu ulikuja Ijumaa ukarudi tena Jumamosi.

Na kutuza je?

Kwenye taarabu na dansi, ukifurahi unainuka na noti unamtuza msanii. Hapa subiri mwisho. Mwigizaji aliye katikati ya kilio akibandikwa noti kwenye paji la uso, kilio kimekwisha na itachukua muda kukirudisha. Mchezo ukiisha kuna kapu karibu na mlango, weka ulichonacho. Ukitaka kumtuza mtu mmoja mkononi, mfuate akishapiga saluti ya mwisho.

Simu na picha?

Zima kabisa. Mtetemo wa simu juu ya benchi la mbao unasikika ukumbi mzima, na mwanga wa kioo unamchoma macho mwigizaji aliye hatua mbili kutoka kwako. Mwishoni wote husimama kwa ajili ya picha.

Je, ni zile tamthilia za shuleni?

Michache tu kati ya mingi. Kabla ya mtihani wa kidato cha nne wa mwezi Novemba, kikundi hucheza tamthilia mojawapo kati ya zinazosomwa, na wiki hizo mabenchi yote huwa sare tupu. Iliyobaki wanaitunga wenyewe, mingi kutokana na mambo ya hapa: mirathi, tumbaku na madeni ya wakulima, vijana wanaopanda treni kwenda Dar wasirudi.

Walimu, nawaomba jambo moja. Msiwape wanafunzi maswali ya kujaza wakiwa ndani. Nimekaa nyuma ya vijana walioandika kwa mwanga hafifu “dhamira ya kwanza, dhamira ya pili” huku dhamira yenyewe inalia mbele yao. Kwenye kitabu kuna maelezo kwenye mabano, “anatoka kwa hasira”, na mwanafunzi huyapita kama hayapo. Hapa anaona mtu anatoka kwa hasira kweli: anarudi kuchukua kofia aliyoisahau, na kurudi kule kunamwongezea hasira. Kijana aliyeona hivyo ataandika jibu lake mwenyewe kesho yake darasani.

Shakespeare huchezwa?

Vipande vya mwandishi huyo wa Kiingereza, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Tabora tuna kila sababu ya kuipenda tafsiri hiyo. Mwalimu alisoma sekondari hapa, aliporudi kutoka Makerere akafundisha St. Mary's hapa hapa, na baadaye akiwa kiongozi wa nchi akatafsiri Julius Caesar, iliyochapishwa 1963, na The Merchant of Venice, aliyoiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969.

Kipande kinachopendwa kinatoka Julius Caesar: hotuba ya Antoni mbele ya maiti ya rafiki yake Kaizari, yaani Caesar mwenyewe, aliyeuawa. Wanaocheza umati wa Roma hawasimami na Antoni, wamekaa katikati yetu, wamevaa kama sisi, na huwezi kuwajua mpaka wapige kelele. Antoni anawasifu wauaji huku anawachongea, na watu waliozoea mikutano ya kampeni wanaushika mchezo huo mapema. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alikuwa akitikisa kichwa akinong'ona, “Anawageuza. Tazama, anawageuza.” Dakika chache baadaye mzee huyo huyo alikuwa amesimama anapiga kelele pamoja na umati.

Umeme ukikatika, au mvua ikinyesha?

Umeme ukikatika mchezo hausimami. Waigizaji wanaendelea gizani mpaka jenereta iwake, na kama haikuwaka kuna taa za sola za akiba. Tafadhali usiwashe tochi ya simu kwa kutaka kusaidia, mwanga wa pembeni unaharibu kila kitu.

Mvua ni shauri jingine. Paa ni bati tupu, na kati ya Novemba na Aprili mvua ya Tabora ikishuka hakuna sauti ya binadamu inayoishinda. Waigizaji hutulia pale pale walipo, bila kutoka ndani ya wahusika wao. Aliyekuwa anakula anaendelea kula, aliyekuwa amenuna anaendelea kununa, na wewe unapata nafasi ya kuwatazama. Mara nyingine mtu anaanzisha wimbo na ukumbi unapokea mpaka mvua ipungue. Wapo watazamaji wanaopenda kuja masika kwa sababu hiyo, nami ni mmoja wao. Asiyependa aje kati ya Juni na Agosti, lakini abebe kitenge au sweta, maana usiku wa kiangazi ghala linakuwa la baridi.

Nitavutwa jukwaani kwa lazima?

Hapana. Kuna michezo inayoitwa shirikishi, na tangazo lake husema hivyo wazi. Hiyo inachezwa mara mbili. Mara ya kwanza unatazama. Mara ya pili ukiona mhusika anakosea, unapaza sauti “Simama!”, unaingia mahali pake, unajaribu njia yako, na waigizaji wanakujibu kama ambavyo shemeji au hakimu wa kweli angekujibu. Njia hii ilienezwa duniani na Augusto Boal wa Brazili. Kwetu ina historia yake pia: mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, Kwimba, wakatengeneza michezo pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo yao wenyewe.

Anayeingia ni anayetaka. Wengi huja wakiapa kwamba hawatanyanyuka, na nusu saa baadaye wanagombea zamu.

Mazungumzo ya baada ya mchezo ni ya lazima? Kama sikuupenda nisemeje?

Si ya lazima, lakini kaa ukiweza. Viti vinageuzwa, waigizaji wanakuja na nguo zao za kawaida wakiwa bado na poda usoni, na kila mtu anasema. Kama hukuupenda, sema, ila sema mahali. “Mchezo mbaya” haumsaidii mtu. “Sikuelewa kwa nini binti alirudi kwa mumewe” unasaidia, na nimeona mchezo ukibadilishwa Ijumaa hadi Jumamosi kwa swali kama hilo. Usimseme mwigizaji kwa umbo lake, na usimlaumu dada aliyecheza mhusika mwovu kana kwamba uovu ni wake. Wapo waliotukanwa sokoni kwa sababu ya wahusika waliowacheza. Inauma, na si haki.

Watoto?

Kuna maonyesho ya watoto Jumamosi saa nane mchana. Ya usiku yaache kwa wenye miaka kumi na miwili kwenda juu. Mtoto mchanga akilia, mtoke naye tu bila haya, hakuna atakayekununia.

Mtu mwenye kiti cha magurudumu ataingia?

Ataingia. Mlango ni mpana na hauna ngazi, lakini njia ya mbele ina mchanga, kwa hiyo apige simu mapema vijana wampokee barabarani. Choo bado kina ngazi mbili. Tumeshalisema jambo hilo kwa kikundi na tutaendelea kulisema.

Serikali inaruhusu?

Ndiyo, kikundi kina usajili na kinaomba kibali. Michezo ya jukwaani ina sheria yake, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976.

Nataka kuigiza. Nianzie wapi?

Njoo utazame kwanza, tena zaidi ya mchezo mmoja, kisha ongea na mwongozaji. Baadhi ya waigizaji wamepita Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanza 1981, wengine ni mafundi cherehani, makonda na wauza asali. Wanaotafutwa zaidi kwa sasa ni fundi wa taa na mtu wa kushona.

Nitarudije nyumbani usiku? Mimi ni mwanamke na nakuja peke yangu.

Wengi wetu huja hivyo. Mchezo unaisha kati ya saa mbili na nusu na saa tatu usiku, na mazungumzo hayavuki saa nne. Ukikata tiketi mwambie dada wa mlangoni unakwenda upande gani. Anaandika, na mwishoni anawaita wa Ipuli pamoja, wa Kiloleni pamoja, mnapanda bajaji moja na kuchangia nauli. Madereva wa pale anawafahamu kwa majina. Kama upande wako hauna mwenzako usiku huo, mwambie mapema, naye atampigia dereva wa kukusindikiza hadi mlangoni.